Fuko Anayeniharibia Miwani

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Sinema, ghorofa ya kwanza,
Juu ya kichwa changu.

Ndugu Meneja,

YAH: MACHOZI YA WATAZAMAJI WAKO

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini kwa kuwa nakujua, nitakieleza tena. Mimi ni yule mpima macho wa hapa chini, mwenye kibao cha jicho moja kubwa la buluu, pale inapoishia ngazi yako ya kutokea. Tumekuwa majirani miaka kumi na minane. Katika muda huo nimevumilia mengi yatokayo juu: viti vinavyoburutwa, mizinga ya filamu za vita, na zile wiki mbili ambazo choo chako kilivujia fremu zangu za watoto. Sikuandika hata mstari mmoja. Nayataja haya ili ujue kwamba ukiona nimeshika kalamu, maji yamenifika shingoni, na safari hii si maji ya choo.

Ninayoilalamikia ni ile filamu ya katuni, sehemu ya pili ya habari za Fuko. Sehemu ya kwanza ilipotoka miaka kumi na sita iliyopita, mji mzima uliipenda, na mimi sina neno nayo. Fuko asiyeona vizuri anamwokota mtoto wa panya kando ya barabara, anachimba njia chini kwa chini, anamvusha, wanaishi pamoja kwenye shimo lenye joto, basi, kwisha. Watoto walicheka, wazazi walicheka, watu wakateremka ngazi wakiwa na macho makavu wakaenda zao. Hiyo ndiyo sinema. Sasa wenye filamu wamekaa miaka kumi na sita wakitafuta namna ya kutuharibia, na wameipata.

Kwa faida yako, maana mameneja wengi hawatazami wanachokiuza, hii sehemu ya pili iko hivi. Panya amekuwa mkubwa. Amepata makao ng'ambo ya milima, anaondoka kwa miguu. Fuko anamuaga mlangoni vizuri tu, tena anajifanya ana haraka, ana kazi ya kuchimba. Kisha panya anatembea juu, naye fuko anamfuata chini, anachimba siku baada ya siku, apate tu kusikia nyayo zake juu ya kichwa. Anafika penye mwamba. Mwamba hauchimbiki. Anaugonga kwa kucha mara tatu. Huko juu panya anasimama, anasikiliza, naye anagonga kwa mguu mara tatu. Halafu nyayo zinaendelea, zinafifia, mpaka hazisikiki tena, na fuko anabaki gizani akiwa ameweka sikio kwenye jiwe. Kipande hicho kinachukua dakika kumi na moja, kuanzia dakika ya themanini na moja. Haya yote nimeambiwa na wateja. Mimi mwenyewe sijaiona na sina mpango wa kuiona.

Nayapanga malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema yalikuchanganya.

1. Ngazi. Ngazi yako ya kutokea inamwaga watu mlangoni kwangu. Kila siku inapokaribia saa kumi alasiri, watu zaidi ya mia wanateremka wakishikilia bomba la pembeni, macho yamejaa, hawaoni mbele wala nyuma. Sasa mtu asiyeona, akiinua uso na kukutana na jicho la buluu lenye ukubwa wa meza, atafikiri nini? Anafikiri amepata ugonjwa wa macho, na Mungu kamwonyesha mahali pa kwenda. Anaingia. Siku ya pili tu ya filamu aliingia mwenye duka la vipuri, jitu la miraba minne linalobeba injini begani, akipapasa ukuta wangu kama mtu aliyekatikiwa umeme. Akaniambia, "Daktari, nimepofuka. Imeanza yule mnyama alipogonga." Nilimpa leso, akajifuta, akaona. Akatoka bila kusema asante, kwa aibu, na leso yangu akaenda nayo. Tangu siku hiyo zimeondoka leso thelathini na moja, na vitambaa viwili vya kufutia lenzi, ambavyo havikutengenezwa kwa kupengea kamasi.

2. Miwani. Hapa ndipo penye kidonda. Jicho lenye machozi halipimiki. Maji yakikaa juu ya jicho yanakuwa lenzi juu ya lenzi, na namba utakayoandika inakuwa ya jicho pamoja na msiba wake. Nalijua hili tangu chuoni. Lakini watu walikuwa wengi, foleni imefika duka la viatu, nikapima. Namba zikaenda kwa fundi wa lenzi, miwani ikarudi baada ya juma moja, wenyewe wakaichukua wakiwa na furaha. Siku mbili baadaye wakaanza kurudi mmoja mmoja. Miwani kumi na tisa, ndugu Meneja, yote ina ugonjwa mmoja: mvaaji haoni kitu mpaka alie. Akilia anaona hadi vumbi lililo kwenye dirisha la jirani.

Usifikiri napiga chuku. Mwalimu wa hesabu wa sekondari iliyo nyuma ya posta aligundua jambo hili akisahihisha mitihani. Namba zilikuwa ukungu mtupu, akakata tamaa, akamkumbuka fuko, machozi yakamtoka, na ukurasa ukasafika hapohapo. Sasa anasahihisha akiwa analia mbele ya darasa. Wanafunzi wanamwona mtu mzima anadondosha machozi kwenye madaftari yao, wanadhani wamemvunja moyo. Wameanza kufanya kazi za nyumbani. Waliokuwa wakitoroka kupitia uzio sasa wanakuja hata Jumamosi. Mkuu wa shule amenitumia barua ya shukrani, na mwalimu mwenyewe amekataa katakata kunirudishia miwani ile. Mimi nina kosa la kitaalamu linalozunguka mjini likisifiwa.

Dereva wa lori la saruji naye hawezi kusoma alama za barabarani bila kulia, kwa hiyo amemtoa tandiboi wake kwenye kiti cha pembeni, amempandisha mke wake, amsimulie filamu njia nzima. Mke ana kipaji, nasikia, lakini hana mpangilio. Juzi alisimulia haraka, fuko akafika kwenye mwamba kabla lori halijafika kwenye daraja. Ikabidi waegeshe kando, aanze upya tangu panya alipofunga mizigo.

Wa tatu ni msajili wa ndoa. Huyu anasema hajaiona filamu yako, lakini siku hizi nani anakiri? Alikuwa hawezi kusoma majina ya maharusi kwenye daftari, mpaka siku baba wa bibi harusi mmoja alipoangua kilio, naye akaambukizwa, akasoma majina yote manne bila kukwama. Sasa anakwenda kazini na kitunguu kilichokatwa ndani ya leso. Anafungisha ndoa huku machozi yakimtiririka mashavuni. Wiki iliyopita bwana harusi mmoja alimwangalia, akamwangalia bibi harusi, akamwangalia tena msajili, kisha akaomba dakika tano za kwenda nje kufikiri. Alirudi, nashukuru. Lakini walimsubiri zaidi ya saa nzima.

3. Kugonga. Hakuna mteja anayeingia siku hizi akasema hodi au habari za kazi. Anagonga kioo cha kaunta mara tatu. Karani wangu, mama wa makamo niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili bila kumwona akifuta hata jasho, anaacha anachokifanya, anajibu kwa kugonga mara tatu kwa muhuri. Halafu wanaangaliana. Halafu hakuna kazi inayofanyika kwa robo saa. Kioo kimepata ufa. Nimebandika karatasi: USIGONGE. Mtu mmoja ameisoma, akaigonga karatasi.

4. Fuko mwenyewe. Nazungumza sasa kama mtaalamu. Fuko ana jicho dogo kuliko mbegu ya ufuta, na kwa wengine limefunikwa na ngozi kabisa. Hana machozi ya kumwaga. Lakini wateja wangu wanasema dakika ya themanini na tisa linamtoka chozi moja, linateremka polepole kwenye manyoya ya shavu la kushoto, linapita kwenye ule mchanga uliomganda tangu alipochimba chini ya kisima, linaning'inia kidevuni kama sekunde nne, ndipo linadondoka. Haiwezekani. Na hata kama ingewezekana, lisingepita kushoto, maana amelaza kichwa upande wa kulia na chozi hufuata mteremko. Hayo ni makosa ya wazi ambayo mtu yeyote makini angeyaona akikaa vizuri na kutazama mara mbili tatu. Nayasema kwa kusikia tu.

5. Nyumbani kwangu. Ningeweza kuishia hapo juu, ukanilipa kioo tukaendelea kuwa majirani. Lakini fuko wako hakuishia dukani, amenifuata mpaka nyumbani, na hilo simsamehe.

Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Vilio kwake ni sauti ya kazi, kama cherehani kwa fundi. Jumanne alikwenda kuiona filamu na wenzake wa zamu, akarudi, akaingia chumba cha binti yetu, akakaa kitandani na kuanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Alikunja rundo zima. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Hakuna, baba. Nakunja."

Binti yetu ni mmoja tu, hana mwenzake. Ana jina zuri la cheti cha kuzaliwa, lakini sisi tunamwita Mkia, kwa sababu tangu alipoanza kutembea alikuwa nyuma yangu kila niendako, hadi mlangoni mwa choo. Sasa ana miaka ishirini na mitatu na amesomea kupima ardhi. Mimi napima macho, yeye anapima ardhi, tunataniana nani anaona mbali zaidi. Amepata kazi mahali ambapo basi linakwenda siku mbili. Anaondoka Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni.

Nikueleze kitu ambacho hata ndugu zangu sijawaeleza, kwa kuwa wewe ni jirani na hutakuja kwenye vikao vyetu. Mwaka jana Mkia alipata kazi kama hii. Siku ileile nilikuwa nimelazwa kwa homa, siku nne tu, na akanisikia nikimwambia muuguzi kwamba nyumba yetu itakuwa kubwa mno. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Nilikuwa nalia, na homa ilikuwa kali, na sikujua kwamba amesimama mlangoni. Kesho yake aliwaandikia kwamba haendi. Akasema mshahara haukumpendeza. Mama yake aliniangalia wiki nzima bila kunisemesha, nami nilistahili.

Kwa hiyo nimekula kiapo. Safari hii ataondoka akimwacha baba mkavu. Nitambebea begi, nitamuuliza kama ana maji ya kunywa, nitamwambia asikae kiti cha juu ya tairi, nitapunga mkono. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha dukani na naweza. Mjini wananiita Jicho Kavu, ulizia mtu yeyote. Nitalia basi likishakata kona, huko nyuma ya ghala la stendi, ambako nimeshachagua mahali.

Sasa sikia balaa. Huyu mtoto anataka nini? Anataka siku hiyohiyo ya Jumamosi, saa nane mchana, twende wawili kwenye ukumbi wako tukaione sehemu ya pili, kama tulivyoiona ya kwanza alipokuwa na miaka saba na kulala mapajani kwangu kabla haijafika nusu. Ndiyo zawadi anayoitaka, hataki nyingine. Nilimwambia nina wagonjwa. Akasema, "Jumamosi mchana unafunga, baba." Nikamwambia viti vya pale vinaniumiza mgongo. Akasema vimebadilishwa. Jana alikuwa anafunga begi, akaniuliza bila kugeuka, "Au unaogopa utalia? Mbona wanalia wote." Nikatoka nikaenda kukagua bomba la maji ambalo halina tatizo lolote.

Naogopa, ndiyo. Naliandika wazi ili ujue uzito wa jambo. Naogopa kwamba nikidondosha hata tone moja mbele ya yule mtoto, atashusha begi, atasema mshahara haukumpendeza, na mimi sitakuwa na nguvu ya kumkatalia. Filamu yako, ndugu Meneja, imewekwa kati yangu na basi.

6. Maombi. Kutokana na yote niliyoeleza, naomba utekeleze yafuatayo, na ukiona la kwanza ni gumu, ruka uende la pili, maana mimi si mtu wa kukazania.

Kwanza, ziba ngazi hiyo. Watu wako watokee nyuma, kwenye uchochoro wa mapipa, ambako hata akilia mtu hakuna atakayemshangaa.

Kama ngazi haizibiki, watazamaji wasiruhusiwe kutoka mpaka wakauke. Waketi dakika ishirini mbele ya feni. Mtu wako wa mlangoni awakague mmoja mmoja, naye nitamfundisha bure: unavuta kope la chini kwa kidole gumba, unaangalia kama pana maji.

Ikishindikana hiyo, basi dakika ya themanini na moja inapofika, washa taa zote za ukumbi. Mwanga mkali, mpaka kwenye pembe. Mtu akimwona jirani yake, na jirani akamwona yeye, na wote wawili midomo imewapinda kwa ajili ya fuko wa kuchorwa, aibu itawashika na machozi yatarudi yalikotoka. Nimelifikiria sana hili na naamini ndilo lenye matumaini kuliko yote.

Kama taa nazo huziwezi, kata kipande chenyewe. Dakika kumi na moja tu. Panya aage, kisha tuone amefika salama ng'ambo, amepata chumba chenye dirisha, ameandika barua. Watu hawana haja ya kujua nini kilitokea chini ya ardhi wakati huo. Yaliyotokea chini ya ardhi ni ya fuko mwenyewe.

Na kama kukata ni kosa la kisheria, basi waandikie waliotengeneza, nami nitatia sahihi pamoja nawe, wabadilishe kisa kizima. Panya asiondoke. Sioni sababu yoyote ya panya kuondoka. Ng'ambo ya milima kuna nini ambacho hapa hakipo? Shimo lipo, lina joto, lina nafasi, nafasi ya kupita kiasi. Kazi zipo hapahapa. Kuna viwanja chungu nzima upande wa machimbo havijapimwa mpaka leo, watu wanagombania mipaka kila wiki, na yeye ana vyombo vyake na cheti. Angeweza kwenda kazini asubuhi akarudi jioni. Hakuna mtu aliyemfukuza. Kama ni suala la kutaka kujitegemea, angeambiwa tu, angepewa chumba cha uani chenye mlango wake, fuko asingemuuliza ametoka wapi wala anarudi saa ngapi.

Naona nimetoka kidogo kwenye mada. Ninachotaka kusema ni kwamba filamu ina kasoro.

Natumaini utalitazama jambo hili kwa macho mawili, na kama yana tatizo unajua mlango wangu ulipo. Wape salamu wote wa huko juu: mkata tiketi wako ambaye hana maneno mengi na azidi kuwa hivyo, yule mama wa bisi, mzee wa mashine ya filamu (mwambie miwani yake ya kusomea iko tayari na ni mizima, nilimpima asubuhi), anayefagia ukumbi, ambaye nasikia siku hizi anakusanya karatasi za kupengea kwa toroli, na mkeo, na watoto, na mama mkwe wako ikiwa bado yuko kwenu. Sina kinyongo na yeyote isipokuwa fuko.

Ni mimi jirani yako wa chini, mwenye hasira lakini mwenye adabu,

Mpima Macho.

Nyongeza: Barua hii nilimpa karani wangu jana aisome kama ina makosa. Aliisoma akiwa amesimama mpaka mwisho, akaenda kabatini, akaleta daftari la vipimo, akalifungua mbele yangu na kuweka kidole. Waliopimwa asubuhi wote wana miwani mizuri, hata wale waliokuwa wameiona filamu jana yake na bado wana kwikwi. Wale kumi na tisa wote ni wa kuanzia saa kumi alasiri. Msajili wa ndoa ni kweli hajaiona. Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka ofisini akiwa na macho makavu kabisa. Ndipo yule mama akaniuliza taratibu, "Daktari, siku hizo kuanzia saa nane ulikuwa wapi?"

Mkata tiketi wako anajua nilikuwa wapi. Nilikuwa safu ya mwisho, nyuma ya nguzo, mara saba. Mara ya kwanza nilipanda kutafuta chanzo cha tatizo, kwa nia njema. Zile nyingine sita sina la kusema. Nilikuwa nateremka mbele ya watu wako, navaa koti jeupe, nawasha kimulimuli changu na kuchungulia ndani ya macho ya watu. Wao walikuwa wameshapewa leso. Aliyelowa ni mimi. Nilipima kwa macho yenye machozi, miwani ikatoka ya macho yenye machozi. Utaalamu haukukosea, ila macho yalikuwa yangu. Miwani yote nimeanza kuirudia, isipokuwa ya mwalimu, ambaye amejificha.

Kwa hiyo malalamiko yafute. Ngazi iache, filamu usiikate, na wale waliotengeneza usiwaandikie. Panya lazima aondoke, hata mtoto mdogo analiona hilo. Kioo cha kaunta ni changu.

Kesho saa nane nakuja na Mkia. Nilikuwa nimelala macho wazi nikitafuta mahali pa kulilia, nyuma ya ghala, nyuma ya bomba, na kumbe mji huu una mahali pamoja tu ambapo baba anaweza kulia dakika kumi na moja bega kwa bega na binti yake, na binti asijue analiliwa yeye. Ni ukumbini kwako. Atadhani ni fuko. Mwache adhani. Atanicheka, atanitania njia nzima mpaka stendi, atawaambia wenzake wa huko kwamba Jicho Kavu amelizwa na katuni, na atapanda basi na begi lake. Nimepiga hesabu, muda unatosha. Nakuomba kitu kimoja tu: mwambie mzee wa mashine kwamba filamu ikiisha asiwashe taa upesi. Aniachie kidogo.